Neno la Mkristu Wakati Amri Inapotungwa



Katika mafundisho ya Amri ya Nne, mwalimu akiisha kueleza heshima ya baba na mama, huendelea kueleza heshima ya wakubwa wa nchi. Hapo ulizo moja huzaliwa mioyoni mwa wanafunzi: Ikiwa Mungu ataka watu wawatii wakubwa, je, ni halali Mkristu kusema neno juu ya amri ambayo Serikali yataka kuitunga? Je, si kiburi? Je, si mwanzo wa uasi? Wengine huuliza kwa sauti. Wengine hulificha ulizo lao. Na wengine, kwa kuogopa dhambi au kwa kuogopa watu, hunyamaza siku zote, kisha hunung'unika penye moto wa jioni, wakati mambo yamekwisha kuamuliwa.

Ulizo hili si dogo, kwa maana amri ya Serikali huingia nyumbani mwa mtu. Huonyesha nani atakata mti na nani hatakata, nyavu gani zitatupwa ziwani, ushuru gani utalipwa sokoni, shamba gani ni la kijiji na shamba gani si la kijiji. Mtu akiamka asubuhi na kuambiwa kwamba pori la babu zake amepewa mwingine, hawezi kusema kwamba jambo hilo halihusu dini yake. Lahusu chakula cha watoto wake, amani yake na jirani zake, na haki. Mambo hayo Mungu atayaulizia. Basi yafaa kulitazama polepole.

1. Utii wa kweli

Mtume Paulo aliwaandikia Wakristu wa Roma kwamba mamlaka yatoka kwa Mungu, na kwamba yapasa kuwatii wenye mamlaka kwa ajili ya dhamiri, wala si kwa kuogopa adhabu tu. Neno hilo ni imara. Mahali pasipo na mkubwa, mwenye nguvu humla mnyonge. Anayelipa kodi ya haki, anayetunza barabara, anayeheshimu hukumu ya baraza, huyo afanya tendo jema mbele ya Mungu.

Lakini mtazameni Paulo mwenyewe. Alipokamatwa Yeruzalemu, askari wakataka kumpiga mijeledi pasipo hukumu. Yeye hakunyamaza. Aliuliza kama ni halali kumpiga raia wa Roma asiyehukumiwa. Baadaye, mbele ya liwali Festo, aliomba shauri lake lipelekwe kwa Kaisari. Aliyefundisha utii ndiye aliyesimama akasema haki yake, kwa heshima na bila matusi. Katika moyo wake utii na neno la kweli vilikaa pamoja kama ndugu wawili katika nyumba moja.

Fikirini pia mambo ya nyumbani. Baba asema: «Kesho tutavusha mbuzi ng'ambo ya mto.» Mtoto ameona jana kwamba mto umefurika. Je, heshima ni kunyamaza mpaka mbuzi wazame? Mtoto mwema husema: «Baba, mto umejaa.» Akiisha kusema, humwachia baba kuamua. Mtoto aliyejua na kunyamaza amemnyima baba kitu alichokuwa na haki ya kukipata, yaani ukweli. Ndivyo ilivyo kati ya raia na Serikali. Kumwambia mkubwa ukweli kabla hajaamua ni sehemu ya heshima inayompasa.

2. Sheria yahitaji masikio

Mtakatifu Toma wa Akwino, mwalimu mkubwa wa Eklezia aliyekufa mwaka 1274, alifundisha kwamba sheria ya kweli ina mambo manne. Ni agizo la akili. Ni kwa faida ya wote. Hutolewa na yule mwenye ulinzi wa jamii. Na hutangazwa ili watu waijue. Mambo hayo manne yatosha kutuonyesha njia.

Kwanza, agizo la akili. Akili haifanyi kazi gizani. Mtu wa mjini atakaye kutunga amri ya uvuvi ahitaji kujua samaki huzaa miezi gani, na nyavu zenye matundu gani hukamata wale wadogo. Nani ajua mambo hayo kuliko mvuvi aliyezeeka ndani ya mtumbwi? Mvuvi akifunga kinywa, amri itatungwa kwa kukisia.

Pili, faida ya wote. Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mkubwa, hata akiwa mwema, halali katika vitanda vyote. Ushuru wa sokoni ulio mwepesi kwa mwenye duka waweza kumwangusha mjane anayeuza mafungu matatu ya mboga. Mkubwa atajuaje, ikiwa mjane hakuulizwa au aliogopa kujibu?

Tatu, mwenye ulinzi wa jamii. Hapa raia naye ajue mpaka wake. Hutoa neno, lakini hanyakui kiti. Baada ya kusikiliza, yuko mmoja au wako wachache waliowekwa ili waamue, na ndio watakaojibu mbele ya Mungu.

Nne, kutangazwa. Amri iliyofungiwa kabatini, au iliyoandikwa kwa lugha ambayo kijiji hakiijui, haijawafikia watu. Katiba ya Kongo, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, yaagiza katika kifungu chake cha 142 kwamba Serikali ieneze sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, yaani Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba, katika siku 60. Basi raia anayeomba kuelezwa sheria kwa Kiswahili haombi zawadi. Aomba kitu alichoahidiwa.

Wala mafundisho hayo si mapya katika Eklezia. Katika karne ya 6 Mtakatifu Benedikto aliwaagiza maabati kwamba, likitokea jambo kubwa, wawaite ndugu wote wa monasteri na kusikiliza shauri lao, hata la aliye mdogo, kwa sababu mara nyingi Mungu humfunulia mdogo lililo jema zaidi. Mwaka 1298 Papa Bonifasi wa 8 aliingiza katika sheria za Eklezia kanuni ya zamani isemayo kwamba jambo linalowagusa wote lapasa kukubaliwa na wote. Mwaka 1963 Papa Yohane wa 23, katika barua yake juu ya amani duniani, alifundisha kwamba kushiriki katika mambo ya nchi kwatokana na heshima ya mtu aliyeumbwa na Mungu. Mwaka 1965 Mtaguso wa pili wa Vatikano ulifundisha vivyo hivyo.

3. Mabinti watano mbele ya Musa

Katika Kitabu cha Hesabu mna habari ambayo kila mkatekumeni afaa kuijua. Mtu mmoja wa kabila la Manase, jina lake Selofehadi, alikufa jangwani bila kuacha mtoto wa kiume. Aliacha mabinti watano: Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Wakati ule nchi ilikuwa karibu kugawanywa, na kwa desturi urithi ulikwenda kwa wana wa kiume. Basi nyumba ya Selofehadi ingekosa fungu, na jina lake lingefutika.

Mabinti hao walifanya nini? Hawakwenda kunung'unika hemani. Hawakungoja nchi igawanywe, kisha wapigane na baba zao wadogo. Walikwenda pamoja, wote watano, wakasimama penye mlango wa Hema, mbele ya Musa, mbele ya kuhani Eleazari, mbele ya wakubwa na watu wote. Walieleza shauri lao kwa maneno machache: baba yao amekufa, hakuwa miongoni mwa walioasi pamoja na Kora, hakuacha mwana, kwa nini jina lake lipotee? Wakaomba wapewe fungu kati ya ndugu za baba yao.

Mtazameni sasa Musa. Alikuwa mtumishi mkubwa wa Mungu, aliyepanda mlimani na kupokea Amri. Angeweza kusema: «Ninyi wanawake, mwajua nini juu ya sheria?» Hakusema hivyo. Alilipeleka shauri lao mbele ya Mungu. Na Mungu alijibu kwamba mabinti hao wamesema haki. Tena hakuwapa fungu wao peke yao. Aliweka sheria kwa Waisraeli wote: mtu akifa bila mwana wa kiume, urithi wake uende kwa binti yake. Neno la wanawake watano likawa ngao ya mayatima wote wa taifa lile.

Habari haikuishia hapo. Baadaye wazee wa kabila la Manase nao walikuja kwa Musa. Walisema: mabinti hao wakiolewa katika kabila lingine, shamba litahama pamoja nao, na fungu la kabila letu litapungua. Musa aliwasikiliza wao pia, na kwa agizo la Mungu alisema kwamba nao wamesema haki. Ikaongezwa kanuni: mabinti waolewe na wamtakaye, lakini ndani ya kabila la baba yao. Hivyo sheria moja ilitengenezwa mara mbili, kwa sababu pande mbili zilisikilizwa. Mabinti hawakupoteza urithi, na kabila halikupoteza ardhi. Kama upande mmoja ungalinyamaza, wengine wangalidhulumiwa bila mtu yeyote kukusudia dhuluma.

Mambo kama hayo yalionekana tena katika Eklezia ya kwanza. Wajane waliosema Kigiriki walisahauliwa katika ugawaji wa chakula wa kila siku, na manung'uniko yakazuka. Mitume hawakuwaadhibu waliolalamika. Waliwaita waamini wote na kuwaambia wachague watu saba wenye sifa njema. Mkutano ukawachagua Stefano, Filipo na wenzao, na Mitume wakawawekea mikono. Walioumizwa walisema, mkutano ulichagua, Mitume walithibitisha. Kila mmoja alifanya kazi yake.

4. Amri zilizotungwa bila kuuliza

Nchi ya Kongo yajua vizuri uchungu wa amri zilizotungwa bila masikio. Tarehe 1 Julai 1885 wakubwa wa Dola Huru la Kongo walitoa amri kwamba ardhi isiyokaliwa ni mali ya Dola. Kwa macho ya mgeni, mahali pasipo nyumba wala mihogo palionekana patupu. Lakini mwanakijiji alijua kwamba pale ni shamba la mama yake lililoachwa ili udongo upumzike. Pale ni pori la kuwinda na kuokota viwavi na uyoga. Pale ni makaburi ya wazee. Hakuna aliyemwuliza. Neno moja katika karatasi, «tupu», liliwanyang'anya watu nchi yao.

Mwaka 1917 Wabeljiji waliweka amri ya kilimo cha lazima. Katika sehemu nyingi kila mlimaji alitakiwa kutoa siku 60 za mwaka. Mwaka 1942, wakati wa vita, siku zikaongezwa kufika 120. Wengi walilazimishwa kulima pamba, na pamba hailiwi. Siku za kupanda chakula zikapungua, bei haikuamuliwa na mlimaji, na asiyelima alitozwa faini au kufungwa. Wazee walisimulia mambo hayo kwa watoto wao, na watoto kwa wajukuu.

Lakini haifai kuwalaumu wageni peke yao. Baada ya Uhuru, sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema kwamba ardhi yote ni mali ya Dola, na kwamba haki za wenyeji juu ya ardhi wanayokaa na kuilima zitaelezwa katika agizo la Rais. Miaka ikapita makumi kwa makumi, agizo halikutoka. Watunga sheria walikuwa Wakongomani, wana wa vijiji hivi hivi. Mtu akipanda cheo, asipofanya kazi ya kusikiliza, husahau upesi njia ya kisimani kwao.

5. Milango iliyo wazi

Leo sheria yenyewe yafungua milango kadhaa, na ni vibaya mtu kulala nje penye mlango usiofungwa.

Kifungu cha 27 cha Katiba chasema kwamba kila Mkongomani aweza kuipelekea Serikali ombi la maandishi, peke yake au pamoja na wengine, na kwamba wakubwa wapaswa kujibu katika miezi mitatu. Chakataza pia mtu yeyote kushtakiwa kwa sababu ametoa ombi kama hilo. Sheria ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 yaagiza kwamba, kabla ya kampuni kupewa msitu, ufanyike uchunguzi mbele ya watu, ili haki za wenyeji zijulikane na kuandikwa. Agizo la tarehe 2 Agosti 2014 laruhusu kijiji chenyewe kuomba msitu wake mpaka hektari 50,000. Sheria ya madini, iliyogeuzwa mwaka 2018, yazitaka kampuni zipatane na vijiji kwa maandishi juu ya kazi za maendeleo, na kutenga kwa ajili yao angalau 0.3 kwa mia ya mauzo ya mwaka. Na sheria ya tarehe 15 Julai 2022 yawalinda Wambuti na ndugu zao wa misituni, na yataka wakubali kwanza, bila kulazimishwa, kabla ya ardhi yao kuguswa. Mkristu afurahi kwa neno hilo, kwa sababu walio wadogo machoni pa watu wana roho ile ile iliyokombolewa kwa damu ya Yezu Kristu.

Lakini mlango hauna faida kwa asiyepita. Fikirini kijiji kimoja penye msitu. Karatasi yagongwa misumari penye ofisi ya sekta, kwa Kifaransa, kutangaza siku ya uchunguzi. Kijana aliyesoma shule aipita na kuisoma, kisha aendelea na safari yake. Watu wasema: «Hayo ni mambo ya wakubwa.» Siku yafika. Wamekaa karani, mjumbe wa kampuni, na mzee mmoja wa kijiji. Mzee apewa mifuko ya chumvi na kreti za bia, naye atia kidole. Hakuna mwanamke aliyeitwa, ingawa wanawake ndio wanaojua kila kijito na kila mti wa dawa. Jua halijachwa, kazi imekwisha. Baadaye mashine zafika, na kijiji chalia.

Je, nani ametenda dhambi? Karani ametenda dhambi, kwa sababu amefanya uchunguzi wa jina tu. Mjumbe wa kampuni ametenda dhambi, kwa sababu amenunua neno. Mzee ametenda dhambi kubwa, kwa sababu ameuza kitu ambacho si chake peke yake. Lakini je, kijana aliyesoma akanyamaza? Alikuwa na taa, akaifunika. Na wale waliosema «si kazi yetu»? Katika Misa waamini huungama si maovu waliyotenda tu, bali pia mema waliyoacha kuyatenda. Kila mmoja na apime kadiri ya alichojua na alichoweza. Aliyetishwa kwa bunduki hana hatia sawa na aliyezuiwa na uvivu.

6. Majibu kwa wanaokataa

Wengine husema: «Sisi hatukusoma, tutasema nini mbele ya wenye vyeti?» Kila mtu ana elimu ya mahali pake. Mabinti wa Selofehadi hawakuja na vyeti. Walikuja na ukweli wa nyumba yao. Asiyejua kuandika aseme, na anayejua kuandika amwandikie bila kugeuza neno. Hiyo ni sadaka njema ya mtu aliyepata shule.

Wengine husema: «Tukisema, hawatusikilizi.» Yaweza kuwa hivyo. Ni kweli pia kwamba sheria iliyo karatasini mara nyingine haifuatwi, na kwamba aliyesema peke yake amepata kusumbuliwa. Kwa hiyo busara yatakiwa pamoja na ujasiri. Watu waende pamoja, kwa maana kidole kimoja hakivunji chawa. Waombe shauri kwa padri na kwa Kamati ya Haki na Amani ya parokia au ya jimbo. Wakiisha kufanya hayo na wasisikilizwe, hatia imewaondokea na imebaki kwa aliyeziba masikio. Manabii wengi hawakusikilizwa, lakini Mungu hakuwaambia wanyamaze.

Wengine tena husema: «Yafaa Mkristu ashughulikie mbingu, aache mambo ya dunia.» Lakini siku ya hukumu Yezu ataulizia wenye njaa, wenye kiu, walio uchi na wafungwa. Njaa ya watu wengi huanza kwa amri mbaya. Kumpa mjane sahani ya ugali ni upendo. Kwenda barazani ili ushuru usimwangushe mjane huyo na wengine mia, huo nao ni upendo, na wenda mbali zaidi.

7. Namna ya kusema

Si kila neno lisemwalo barazani ni jema. Kuna anayesema ili aonekane. Kuna anayesema kwa ajili ya mfuko wake, akijifunika nguo ya kijiji. Kuna anayewachochea vijana kurusha mawe, kisha yeye mwenyewe hujificha. Mkristu ashike njia hizi:

Kwanza asali, na kuuliza moyo wake: nataka faida ya nani?

Ajue jambo kabla ya kulisema. Aombe karatasi isomwe na kuelezwa kwa lugha ya kijiji, wala asitie kidole penye neno ambalo hakulielewa.

Aseme kweli tupu. Hekta tano zisiwe hamsini, na jirani asizushiwe uwongo. Neno moja la uwongo huharibu kumi ya kweli.

Awatafute wasiosemewa: wajane, vijana, wageni, Wambuti. Baraza la wanaume wenye mali peke yao si baraza la kijiji kizima.

Aandike, atie tarehe, na kutunza nakala moja. Miezi mitatu ikipita bila jibu, aulize tena kwa heshima.

Akubali kwamba wengine nao wana haki. Huenda baraza likaamua kinyume cha alivyotaka yeye. Ikiwa amri ni ya haki, ingawa haikumpendeza, aitii bila kinyongo. Ikiwa ni mbaya lakini haiamuru dhambi, aendelee kuomba igeuzwe, kwa njia za amani. Na ikiwa yaamuru dhambi, hapo Mtume Petro amekwisha kutujibu mbele ya baraza la Yeruzalemu: Mungu atiiwe kuliko wanadamu.

8. Neno kwa watakaokuwa wakubwa

Kati ya wakatekumeni wa leo watatoka wakubwa wa vijiji, makarani, wajumbe wa baraza, labda hata watunga sheria. Nao wakumbuke kisa cha mfalme Rehoboamu, mwana wa Solomoni. Watu walimwomba awapunguzie nira. Wazee walimshauri awajibu kwa upole. Vijana wenzake walimshauri aongeze ukali. Akawafuata vijana, na siku ile makabila kumi yakamwacha. Ufalme uliojengwa kwa miaka mingi ulipasuka kwa jibu moja la kiburi.

Basi mkubwa Mkristu atangaze mapema jambo analotaka kuliamua, si jioni ya siku ya mwisho. Alieleze kwa lugha ya watu. Achague siku ambayo watu hawako mashambani, na mahali ambapo mzee na mama mwenye mtoto mgongoni waweza kufika. Asimchukie aliyempinga kwa adabu. Na akiisha kuamua, aje aseme: neno lenu hili nimelifuata, na hili sikulifuata kwa sababu hii. Watu walioambiwa sababu hubeba hata mzigo mzito kwa amani.

Maulizo ya kukumbuka

Ulizo: Je, ni dhambi kusema neno juu ya amri inayotungwa?
Jibu: Si dhambi. Kusema kweli kwa heshima, kwa faida ya wote, ni tendo la haki na la upendo.

Ulizo: Je, kunyamaza kwaweza kuwa dhambi?
Jibu: Ndiyo, mtu akijua madhara yatakayowapata wengine, akaweza kusema, akanyamaza kwa uvivu au kwa zawadi.

Ulizo: Baada ya kusema, yapasa kufanya nini?
Jibu: Yapasa kuitii amri ya haki, kuomba kwa amani ile mbaya igeuzwe, na kukataa ile inayoamuru dhambi.

Ulizo: Mkubwa apaswa kufanya nini kabla ya kutoa amri?
Jibu: Awasikilize wale watakaoibeba, hasa wanyonge, kisha aamue kama mtu atakayetoa hesabu kwa Mungu.

Wapendwa, wakati ujao karatasi itakapogongwa penye ofisi, yule ajuaye kusoma aisome kwa sauti, na wote wasimame wasikilize mpaka mwisho. Kisha waite baraza, na wamwachie mjane nafasi ya kusema mapema. Mungu aliyewasikia mabinti watano penye mlango wa Hema awape wakubwa wetu masikio, na awape watu wake neno la kweli. Amina.